Kadi ina kila kitu, lakini mashine ya Z80 haiwaki

Swali: Mtaalamu, nimejiundia kompyuta ya prosesa ya Z80 inayotumia CP/M 2.2, mfumo endeshi wa zamani, nayo inasoma kadi ya CompactFlash badala ya diski. Nilipakua imeji ya mfumo, yaani faili lenye nakala ya diski nzima, nikainakili kwenye kadi ya 128 MB. Kwenye laptopu ninaliona faili lenyewe, na ukubwa wake umetimia, ila nikiiamuru mashine ibuti inakaa kimya. Baadaye nikasoma habari za dd, amri ya Linux inayonakili baiti moja kwa moja, nikaitumia, na A> ikatokea. Sasa nikihamia B: na kuandika DIR ninaletewa orodha ndefu ya majina matupu. Programu nilizoongeza kwa cpmtools, zana za laptopu za kuandikia diski za CP/M, nazo hazionekani kwenye A:. Je, kadi ni mbovu?

Jibu: Kadi yako ni nzima, ndugu yangu. Na ukishaiona A> kwa mashine uliyoiunganisha kwa mikono yako, sehemu ngumu zaidi umeshaivuka. Matatizo yako matatu yana shina moja: laptopu inaiona kadi kama sanduku la mafaili, lakini mashine yako inaiona kama safu ndefu ya sekta zenye namba, kila moja baiti 512, kuanzia sifuri. Haijui sanduku wala faili. ROM, chipu yenye programu ya kuanzisha mashine, inapobuti hufanya jambo moja tu: husoma idadi fulani ya sekta kuanzia namba fulani, huzimwaga kwenye RAM kwenye anwani fulani, kisha huruka hapo na kuanza kutekeleza. Kilichomo humo kiwe programu au takataka, itakitekeleza.

Uliponakili imeji kwa njia ya kawaida, laptopu iliiweka ndani ya mfumo wake wa mafaili, yaani FAT. Sekta sifuri ikabaki na mambo ya FAT au jedwali la pati (migawanyo ya kadi), na CP/M ikawa imefichwa sekta mamia kadhaa mbele. Z80 ikachukua baiti za FAT na kuzitekeleza kama amri zake. Ukimya ule ulitoka hapo.

Kabla ya kurekebisha chochote, jifunze kuisoma sekta kwa macho. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi huandika upya kadi mara kumi kwa kubahatisha, wakati dakika moja ya kutazama ingewapa jibu. Kwenye Linux, chomeka kadi kwenye kisoma kadi kisha andika:

sudo dd if=/dev/sdX bs=512 count=32 | hexdump -C | less

Badala ya X weka herufi ya kadi yako. Ukiona mstari wa kwanza unaanza na EB 3C 90 au EB 58 90, hiyo ni sekta ya FAT, na imeji haijaandikwa inavyotakiwa. Ukiona baiti za 55 AA mwishoni mwa sekta sifuri na mambo machache juu yake, huenda ni jedwali la pati. Ukiona E5 E5 E5 kila mahali, kadi imefomatiwa lakini haina mfumo. Na ukiona kitu kama hiki, tulia, uko nyumbani:

C3 5C E7 C3 58 E7 7F 00 20 20 20 20 ...

ikifuatiwa, upande wa kulia wa skrini, na maneno COPYRIGHT (C) 1979, DIGITAL RESEARCH. Huo ndio mwanzo wa CCP, sehemu ya CP/M inayokuandikia A> na kupokea amri zako. Inaweza kuwa sekta sifuri kabisa, au sekta ya 1 ikiwa mashine yako ina kipakizi kidogo kilichotangulia.

Tukae kidogo kwenye baiti hizo sita za kwanza, maana zina habari ambayo watu huihangaikia bure. C3 ni amri ya Z80 ya kuruka, na baiti mbili zinazofuata ni anwani iliyoandikwa kinyume: 5C E7 maana yake E75C. Katika CP/M 2.2 mruko huo wa kwanza huenda mahali palipo 35C mbele ya mwanzo wa CCP. Toa 35C kwenye E75C unabaki na E400. Basi umejua kwamba CP/M iliyo kwenye kadi hii iliandaliwa kukaa kwenye E400. CCP huchukua baiti 2048, BDOS, sehemu inayoshughulikia mafaili, baiti 3584, jumla 5632, ambazo kwa heksi (namba za msingi wa 16) ni 1600. Kwa hiyo BIOS yake, sehemu inayozungumza na vifaa vya mashine, inaanza FA00. Kama ROM ya mashine yako inapakia kwenye DC00, kadi hiyo haitawaka hata uiandike vizuri namna gani, na hakuna haja ya kutafuta kosa kwenye waya. Ukitaka uhakika zaidi, hesabu baiti 5632 kutoka mwanzo wa CCP: utakuta C3 zimejipanga, moja kila baada ya baiti mbili, mara 17. Hilo ni jedwali la miruko linalounganisha CP/M na mashine: kusoma kibodi, kuandika skrini, kuchagua diski, kusoma sekta na kadhalika. Gary Kildall alipanga mfumo wake hivyo makusudi, ili anayehamia mashine nyingine aandike upya kipande kile kimoja tu. Ndiyo maana leo tunaweza kuiwekea kadi ambayo yeye hakuwahi kuifikiria alipoianza CP/M mwaka 1974.

Sasa kuandika. Kwanza tambua kadi yako kwa hakika. Endesha lsblk kabla ya kuchomeka kadi, kisha uendeshe tena baada ya kuichomeka. Kifaa kilichoongezeka ndicho chenyewe. Usikisie. dd haiulizi maswali, na ukikosea herufi moja unafuta diski ya laptopu yako. Kisha angalia kama laptopu imeipandisha kadi yenyewe. Ikiwa ndiyo, ishushe kwa umount, bila kuichomoa. Halafu:

sudo dd if=mfumo.img of=/dev/sdX bs=1M conv=fsync

Tazama vizuri: ni sdX, si sdX1. Namba mwishoni humaanisha pati, na pati haianzii sekta sifuri. Nimemwona mtu akifuata kila hatua sawasawa isipokuwa namba hiyo moja, na imeji yake ikaandikwa nzima, salama, sekta 2048 mbele ya pale ROM inapotazama. conv=fsync nayo usiiache. Bila hiyo amri inaweza kukurudishia mshale huku sehemu ya data ikiwa bado kwenye RAM ya laptopu, nawe ukachomoa kadi ambayo haijakamilika.

Ukimaliza, hakiki: sudo cmp -n $(stat -c %s mfumo.img) mfumo.img /dev/sdX. Ikinyamaza, vimelingana.

Jambo jingine la kujihadhari: kadi ya CP/M ukiichomeka kwenye Windows au Mac, kompyuta itasema haiifahamu na kukuuliza kama uifomati au uianzishe. Kataa. Kila mara kataa. Kadi yangu ya kwanza niliyoijaza programu kwa wiki nzima niliipoteza kwa kubonyeza ndiyo kwenye swali hilo nikiwa na haraka, na tangu siku hiyo kila kadi ninayoikamilisha ninaitolea nakala kwanza kwa dd, kutoka kadi kwenda faili, ndipo niitoe kwenye kisoma kadi.

Tuje B:. Orodha yako ya majina matupu ina historia nzuri. Saraka ya CP/M ni mistari ya baiti 32, na baiti ya kwanza ya kila mstari ni namba ya mtumiaji, 0 hadi 15. Ikiwa baiti hiyo ni E5, mstari hauna mtu. Hata kufuta faili ni hivyo hivyo: ERA haigusi data, hubadilisha baiti ile iwe E5 tu. E5 haikuchaguliwa kwa bahati. Diski laini za inchi 8 za IBM, ambazo CP/M ilizaliwa juu yake, zilikuwa zikitoka kwenye ufomati zikiwa zimejaa E5, kwa hiyo diski mpya ilikuwa saraka tupu bila mtu kufanya lolote. Kadi mpya ya CompactFlash mara nyingi imejaa 00. Kwa CP/M, 00 si utupu: ni faili la mtumiaji 0, lenye jina la baiti sifuri. DIR inakuorodheshea mistari hiyo yote kwa uaminifu. Imeji uliyoandika ilikuwa na A: tu, B: haijaguswa. Kama imeji yako imekuja na programu ya kufomati, iendeshe kwa B: na nyinginezo zote. Ila soma maelezo yake kwanza, kwa kuwa baadhi hufomati diski zote kwa mpigo, pamoja na A:. Kama hakuna, utaijaza E5 kutoka laptopu kwa njia nitakayoonyesha hapa chini.

Na cpmtools je? Umesema uliongeza programu kwa cpmtools, yaani kwa amri yake ya cpmcp, na kwa unavyoeleza hukutaja -f, chaguo linalotaja umbo la diski. Usipotaja, cpmtools hudhani unashughulika na ibm-3740, ile ile diski ya inchi 8: traki 77, sekta 26 kwa traki, baiti 128 kwa sekta, traki 2 za mwanzo kwa ajili ya mfumo. Piga hesabu: 2 mara 26 mara 128 ni 6656. Basi ilitafuta saraka kwenye baiti ya 6656. Kwenye kadi nyingi za namna yako eneo la mfumo ni KB 16, na saraka inaanza baiti ya 16384. Kwa hiyo programu zako ziliandikwa ndani ya eneo la mfumo lenyewe. Kama A> bado inatokea, ni kwa sababu zimeangukia sehemu ambayo bado haijatumika. Usiiamini tena kadi hiyo. Anza na nakala safi ya imeji.

CP/M haiandiki popote kwenye diski umbo la diski yenyewe. Hakuna lebo, hakuna jedwali. Umbo limo ndani ya BIOS tu, kwenye kipande kiitwacho DPB, yaani jedwali la vipimo vya diski. Chombo chochote cha nje lazima kiambiwe umbo hilo na mtu anayelijua. Kwa hiyo fungua msimbo wa BIOS yako au maelezo ya mbunifu wa bodi, utafute: bloki ina ukubwa gani, saraka ina nafasi ngapi, traki ngapi zimetengwa mwanzoni. Kisha uandike kwenye faili la diskdefs. Mfano wa diski ya MB 8 yenye bloki za KB 4, saraka ya mafaili 512 na eneo la mfumo la KB 16 ni huu:

diskdef kadi8m
  seclen 512
  tracks 512
  sectrk 32
  blocksize 4096
  maxdir 512
  skew 0
  boottrk 1
  os 2.2
end

Hesabu yake inajithibitisha: 512 mara 32 mara 512 ni 8388608, MB 8 kamili, ambayo ndiyo kikomo cha diski moja katika CP/M 2.2. Namba za mashine yako zikitofautiana na hizi, fuata za mashine yako.

Kabla hujaandika hata faili moja, jaribu kusoma: cpmls -f kadi8m mfumo.img. Ukiona majina unayoyafahamu, PIP.COM, STAT.COM, umbo ni sahihi. Ukiona vipande vya herufi au orodha tupu, rudi kwenye boottrk, maana ndiyo inayokosewa mara nyingi kuliko zote. Unaweza pia kuitafuta saraka kwa macho kwenye hexdump: mstari wa 00 50 49 50 20 20 20 20 20 43 4F 4D ni PIP.COM ya mtumiaji 0, na anwani iliyo kushoto mwa mstari wa kwanza wa namna hiyo inakuambia saraka inapoanzia. Ikiwa ni 4000 kwa heksi, hiyo ni 16384.

Kutengeneza kadi safi basi kunaenda hivi. Chukua eneo la mfumo kutoka imeji nzima inayowaka: dd if=mfumo.img of=traki.bin bs=512 count=32. Unda diski mpya: mkfs.cpm -f kadi8m -b traki.bin mpya.img. Hiyo -b ni ya lazima. Bila hiyo eneo la mfumo linajazwa E5 na utakuwa na diski nzuri ya data isiyobuti. Kisha ingiza programu: cpmcp -f kadi8m mpya.img PIP.COM STAT.COM 0: na kwa mafaili ya maandishi ongeza -t, ili mwisho wa mistari na alama ya mwisho wa faili vikae jinsi CP/M inavyotaka. Andika mpya.img kwenye kadi kwa dd kama mwanzo. Kwa B:, mkfs.cpm bila -b itakupa saraka iliyojaa E5, nawe utaiandika kwa dd yenye bs=512 badala ya bs=1M ukiongeza seek=16384, ikiwa mashine yako inapanga diski zake kila baada ya MB 8 kamili. Hilo pia limo kwenye BIOS, lithibitishe.

Kuhusu ukubwa wa kadi: usitarajie diski 16 kamili kwenye kadi ya 128 MB. Diski 16 za MB 8 zinahitaji baiti 134217728, wakati 128 MB iliyoandikwa kwenye kadi kwa kawaida ni milioni 128 na kidogo. Diski ya mwisho, P:, itakuwa fupi, na BIOS isiyojua hilo itakuandikia Bdos Err On P: Bad Sector ikifika ukingoni. Kadi haijaharibika hapo, imeisha tu. Ndiyo sababu pia imeji nzima iliyotolewa kwenye kadi moja wakati mwingine haitoshi kwenye nyingine yenye lebo ile ile.

Ikitokea umefanya yote haya na kadi nyingine bado inakataa, tazama jinsi bodi yako inavyozungumza na kadi. Kuna njia mbili. Bodi rahisi hutumia baiti moja kwa wakati, na mwanzoni huiamuru kadi iingie hali ya biti 8: huandika 01 kwenye rejista ya vipengele, kisha amri EF. CompactFlash halisi huielewa. Adapta za kugeuza kadi za SD ziwe IDE, na diski kuu za kawaida, nyingi hazielewi, na matokeo yake ni kwamba kila baiti ya pili inapotea. Bodi nyingine, hasa zilizojengwa kwa chipu ya 8255, husoma biti 16 kwa mara moja, na hapo hatari ni kubadilishana nafasi. Niliwahi kukaa usiku mbili na kadi iliyowaka kwenye mashine moja na kugoma kwenye nyingine, mpaka nilipoisoma kwa programu ya ufuatiliaji ya ROM na kuona OCYPIRHG T mahali palipopaswa kuwa COPYRIGHT. Kila jozi ya baiti ilikuwa imegeuzwa. dd conv=swab ikanyoosha imeji nzima kwa amri moja. Tangu hapo neno lile la hakimiliki ndilo kioo changu: herufi zikiruka moja moja, ni biti 8, zikipishana, ni mpangilio wa jozi, zikiwa sawa lakini baadhi zinabadilika kila unaposoma upya, ni umeme. Kwa la mwisho fupisha waya, weka kapasita ya nF 100 karibu kabisa na soketi ya kadi, na kagua waya wa ardhi. Zima umeme kila unapochomoa kadi kwenye mashine.

Jambo la mwisho ni jaribio ambalo watu hulisahau. A> kutokea haitoshi. Kipakizi cha ROM kinasoma mfumo mara moja tu, mashine inapoanza. Baada ya hapo, programu inapomaliza kazi na kuirudisha mashine mwanzo, BIOS yenyewe ndiyo inayosoma upya CCP na BDOS kutoka kadi, sekta 11. Hizo ni njia mbili zilizoandikwa mahali pawili tofauti. Ukiwa umeusogeza mfumo hata sekta moja, tuseme ili kuacha nafasi ya jedwali la pati, ukarekebisha ROM na kuisahau BIOS, mashine itawaka vizuri, itaendesha programu ya kwanza vizuri, kisha itaganda ukitoka. Kwa hiyo kadi mpya ikikupa A>, endesha STAT, subiri irudi, kisha bonyeza Ctrl na C mwanzoni mwa mstari. Ikikuandikia A> nyingine, hamia B:, andika DIR, na safari hii inapaswa kukujibu NO FILE.